Mtego wa taa wa nondo, miezi minne nautumia: ndoo safi, lenzi safi, kadi yake ya picha msiiamini

Niseme mapema tu, mtego wenyewe, huu wa kunasa nondo, wale wadudu wa usiku ndugu zao vipepeo, ili uwaangalie na kuwatambua, nimeupenda na bado nautumia, ila ile kadi ya kutambulia nondo waliyoiweka ndani ya boksi imenipotezea karibu mwezi mzima, na ndo sababu kubwa ya mimi kukaa chini kuandika hii rivyu. Jina la kampuni nitaliacha, maana hii mitego inafanana sana siku hizi na naamini shida niliyoipata mimi hata ukinunua ya mwingine unaweza kukutana nayo.

Ndani ya boksi unakuta ndoo nyeusi ya plastiki, faneli inayokaa juu ya ndoo, vibao vitatu vya plastiki angavu vya kusimamisha kuzunguka taa, taa yenyewe ya LED za UV ya wati 5 yenye waya wa USB, vikopo sita vyenye vifuniko vya kuona ndani, lenzi ya kukuza mara 10, na hiyo kadi. Trei za mayai unatafuta mwenyewe, unazipanga ndani ya ndoo ili nondo wakishaingia wapate vishimo vya kujibanza, bila hivyo usiku kucha wanapigana vikumbo na asubuhi unawakuta wamechakaa. Pawabenki pia ni yako, mi natumia ya mAh 20,000 na inafika alfajiri bila shida.

Taa ni ya nanomita 365, huo ni mwanga ambao jicho la mtu linauona kwa shida sana, unaona kazambarau kafifu tu, kwa hiyo usiku wa kwanza nilidhani wameniuzia taa mbovu. Sio mbovu. Nondo wanaiona vizuri kabisa. Ila naomba hili mlizingatie, msiikodolee macho, UV inaumiza jicho hata kama wewe unaona kama hamna kitu pale, tafuta miwani ya kukinga UV na ukikaribia mtego uzime kwanza. Kwenye maelekezo yao hili wameliandika kwa maandishi madogo mwishoni wakati lilitakiwa kuwa la kwanza.

Vile vibao vya plastiki mwanzoni niliona ni mapambo, nikavitoa. Kumbe ndo roho ya mtego. Mwaka 2024 kuna watafiti walitoa kazi yao, waliwapiga wadudu picha kwa kamera za kasi wakaonyesha kwamba mdudu wa usiku haendi kwenye taa kwa sababu anaipenda, ila anaporuka huwa anaelekeza mgongo upande wenye mwanga, na usiku wa kawaida upande huo ni angani, sasa akikuta taa ipo pembeni yake anapinda mgongo kuielekea, basi anabaki anaizunguka tu hajui tena juu ni wapi na chini ni wapi. Akiwa kwenye kuzunguka ndo anagonga kibao, anaporomoka, anaingia kwenye faneli. Nilivyovirudisha vibao idadi ikapanda usiku huohuo, na haikuwa kwa kidogo.

Sasa asubuhi. Mara ya kwanza kufunua ndoo ikiwa imefanya kazi vizuri nilikuta nondo kama 60 hivi wamelala kwenye vishimo vya trei, wametulia tuli, na karibu wote wana rangi ya udongo. Mtu anakata tamaa hapo, unaona ni mdudu mmoja amejirudia mara 60. Duniani spishi za nondo zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 140,000, na kubwa ni kwamba wengi wao wanalala mchana kwenye magome na majani makavu kwa hiyo wote wamevaa nguo za kufanana na magome na majani makavu. Wale wa kujitambulisha wenyewe wapo, mfano Agrius convolvuli, mkubwa, ana pingu za waridi tumboni pande zote mbili, huyo hata mtoto utamfundisha mara moja. Kazi ipo kwa hawa wa kahawia.

Na kadi ndo ilitakiwa isaidie hapo. Ina picha 48. Tatizo la kwanza, picha zote ni za nondo waliokaushwa na kutandazwa mabawa yakakaa wazi kama nguo kwenye kamba, mabawa manne yote yanaonekana. Nondo aliyeko kwenye trei yako amefunga mabawa, mengine amekunja kama paa la nyumba, bawa la nyuma halionekani kabisa. Kwa hiyo unashika kadi mkono mmoja na kikopo mkono mwingine unalinganisha vitu viwili ambavyo havina sura moja. Tatizo la pili, kila spishi ina picha moja tu, wakati dume na jike kwa wengi wao hawafanani. La tatu ndo baya zaidi, hamna popote walipoandika "huyu anafanana na yule". Kila picha inasimama peke yake kana kwamba haina ndugu.

Mfano mmoja niueleze vizuri maana ndo ulionifundisha. Kuna hawa nondo ambao viwavi wao ni sota, wale wanaokata mche usiku pale usawa wa ardhi asubuhi unakuta umelala chini. Kadi ina picha moja tu ya Agrotis, ndo jina la kundi lao. Wiki tatu nzima kila wa namna hiyo niliyemkuta nilimwandika Agrotis ipsilon kwenye daftari. Siku moja nikawa na wawili kwenye vikopo viwili, nikaviweka pamoja mezani kwenye mwanga wa dirishani, mmoja akaonekana mfupi kuliko mwenzake. Nikasema ngoja. Nikavitia vikopo kwenye friji dakika kama kumi (friji sio friza jamani, friza unamuua), wakapoa wakawa hawakurupuki, nikamtoa mmoja kwenye karatasi nyeupe pembeni ya rula nikashika lenzi.

Kwenye bawa la mbele la hii familia kuna alama mbili ambazo ukishazijua maisha yanakuwa rahisi: kuna doa la mviringo, na mbele yake kuelekea ncha ya bawa kuna doa lenye umbo la figo. Kwa yule mkubwa, kwenye ukingo wa nje wa doa la figo kulikuwa na kialama cheusi kama ncha ya mshale, kinaelekea nje, na kutoka ukingoni mwa bawa kulikuwa na vincha viwili vidogo vyeusi vinarudi kuja kukutana nacho. Huyo ndo ipsilon. Nikamgeukia mdogo, doa la mviringo lipo, figo ipo, lakini ule mshale hamna. Hamna kabisa. Nikachukua brashi laini ya rangi nikamwinulia bawa la mbele taratibu, bawa la nyuma jeupe pe. Huyo alikuwa dume wa Agrotis segetum. Kwa vipimo, ipsilon mabawa yakiwa wazi anaweza kufika milimita 50, segetum mara nyingi anabaki kati ya thelathini na kitu na arobaini na kitu. Spishi mbili tofauti nilikuwa nazirundika kwenye mstari mmoja, na daftari la wiki tatu ikabidi nilipigie mstari wote, maana sikuwa na picha za kurudi kuangalia.

Na hapa ndo napasifia huu mtego kwa moyo wote. Lenzi waliyoweka ni nzuri, kioo chake hakivurugi rangi ukingoni, vikopo viko wazi vizuri na vina kina kifupi kwa hiyo nondo anakuwa karibu na kifuniko unaweza kumwangalia kwa lenzi bila hata kufungua. Mitego mingine inajisifia idadi, sijui unapata mia ngapi kwa usiku. Idadi sio kitu. Kitu ni wawili wanaofanana, wakiwa hai, wazima, wametulia, pembeni kwa pembeni, mwanga mmoja. Huwezi kuona tofauti kwa kumwangalia mmoja halafu kukumbuka yule wa juzi, kumbukumbu inadanganya sana kwenye rangi ya kahawia.

Uzima wa nondo naurudia kwa makusudi. Ule unga unaobaki kwenye kidole ukimshika ni magamba, na michoro yote ya bawa imechorwa na hayo magamba, kwa hiyo ukimsugua umemfutia kitambulisho. Nondo mzee aliyepukutika hata mtaalamu anamwachia hapohapo. Ndo maana nasisitiza trei za mayai, na ndo maana natumia brashi sio vidole.

Kuna na apu yao, unaskani msimbo ulioko nyuma ya kadi inafunguka, unapiga picha inakupa jina na asilimia. Hii asilimia ndo ilinitia presha. Asubuhi moja nimepiga picha nondo mmoja, apu ikaniambia Spodoptera frugiperda, asilimia 97. Kwa asiyemjua, huyo ndo kiwavijeshi vamizi, asili yake bara la Amerika, Afrika aliripotiwa mwaka 2016, Asia mwaka 2018, na akiingia kwenye mahindi anakula mpaka moyo wa mmea. Nilikuwa na mistari kadhaa ya mahindi pale bustanini, kwa kweli nilikuwa nimeshatoa bomba la dawa. Halafu nikakumbuka ule mshale wa ipsilon, nikarudi mezani.

Dume wa frugiperda ana bawa la mbele la kijivu na kahawia lenye mabaka, na pale karibu na ncha ya bawa ana kibaka cheupe, hicho ndo cha kutafuta. Jike wake hana, jike amefifia tu, alama zake hazijitokezi. Wangu alikuwa na mistari ya rangi ya krimu inakatana na kupanda kama njia panda, mishipa katikati ya bawa imetokeza kwa weupe ikagawanyika kama uma, na ncha haina kile kibaka. Hiyo ni sura ya Spodoptera littoralis, ndugu yake, anakula mboga na pamba na mimea mingi tu lakini sio yule. Sikuishia hapo, nikaenda kwenye mahindi nikapekua majani mstari kwa mstari siku mbili. Kiwavi wa frugiperda akishakua ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa usoni, halafu karibu na mkiani kwa juu ana madoa manne meusi yamekaa kama pembe za mraba. Sikumpata hata mmoja. Bomba nikalirudisha stoo.

Sasa fikiria ningemwaga dawa kwa sababu ya asilimia 97. Hiyo dawa ingeua na wadudu wanaokula viwavi, na kiwavijeshi mwenyewe hayupo. Mi siipingi apu, nyingine zinasaidia sana kukufikisha kwenye jenasi (kundi la spishi ndugu, lile jina la kwanza kama Spodoptera), ila apu inaangalia picha yako inalinganisha na picha ilizofundishwa, kama imefundishwa kwa picha nyingi za frugiperda na chache za littoralis itakuambia anachojulikana zaidi. Asilimia 97 hapo inasema tu picha yako inafanana na picha zake. Niliwaandikia wauzaji nikawaelezea hili na nikawatumia picha, wakajibu kwamba kadi na apu vimeandaliwa na wataalamu. Basi.

Kuna mtu aliniambia niachane na taa nitumie mtego wa harufu, ule wenye chambo cha harufu ya jike. Kwa kufuatilia mdudu mmoja tu huo ni mzuri, ila unaleta madume peke yake, na hata wenyewe haukuepushi na kufananisha, maana chambo cha frugiperda kinajulikana kuleta pia Leucania loreyi, ambaye ana rangi ya nyasi kavu na kidoa kimoja cheupe katikati ya bawa. Mtu akihesabu tu vilivyoingia bila kuangalia anaandika namba ya uongo.

Wengine walionipa shida ni wale wenye alama za fedha. Chrysodeixis chalcites ana mng'ao wa dhahabu kwenye mabawa ya mbele, na hapohapo kuna vidoa viwili vya fedha, wakati mwingine vimeachana, wakati mwingine vimeungana, kwa hiyo usihesabu vidoa peke yake. Trichoplusia ni naye ana alama ya fedha, kama herufi U ndogo na nukta pembeni, lakini yeye ni kijivu kimefubaa, dhahabu hana. Kwenye kikopo kimojakimoja nilikuwa nawachanganya kila mara, kwenye vikopo viwili pamoja sekunde mbili imeisha. Vigeuze kidogo vikopo mwanga upite kwa ubavu, dhahabu inajitokeza yenyewe.

Halafu wapo ambao lenzi ya mara 10 haifui dafu, na hapa ndo kadi inanikera kwelikweli kwa sababu inajifanya inawajua. Chrysodeixis chalcites na Chrysodeixis acuta kwa macho unaweza kubishana mpaka jioni, uhakika unapatikana kwa kupasua sehemu za uzazi na kuziangalia kwa hadubini. Spodoptera littoralis na Spodoptera litura vivyo hivyo, mara nyingi kinachokusaidia ni kujua uko bara gani, yule wa kwanza ni wa Afrika na huyu wa pili ni wa Asia na visiwa vya Pasifiki. Helicoverpa armigera na Helicoverpa zea wa Amerika ndo usiseme, Brazil walithibitisha armigera mwaka 2013, na zea alikuwa anaishi hapohapo siku zote, sura ile ile, bawa la nyuma lile lile lililopauka lenye mkanda mpana mweusi ukingoni, lazima maabara waangalie sehemu za uzazi au wapime kipande cha DNA. Kadi imeandika Helicoverpa armigera na picha moja, hamna onyo hata la neno moja. Mi siku hizi naandika Chrysodeixis tu nasimama hapo. Kuandika jenasi ukaishia hapo sio uvivu, ndo ukweli wa kilichoonekana, na mtu atakayesoma daftari lako kesho anaweza kuliamini.

Kasoro za mtego wenyewe ni ndogo na zinarekebishika. Faneli haikai vizuri mdomoni mwa ndoo, kuna mwanya upande mmoja unaotosha nondo wadogo kutoka, nimezungushia kipande cha sponji ya kubana mlango ikaisha. Chini ya ndoo hamna matundu, mvua ikinyesha maji yanajaa na unakuta wamezama, hiyo iliniuma sana siku ilipotokea, nimetoboa matundu manne nikaweka wavu mwembamba kwa ndani. Waya wa USB ni mfupi, pawabenki inabidi ikae juu ya kitu, na uifunike. Kifaa cha kuzima taa yenyewe kukikucha kinafanya kazi vizuri, hicho hongera zao.

Kwa atakayenunua, usiku mzuri ni wa joto, wenye mawingu na usio na upepo, mwezi ukiwa mpevu wanaingia wachache. Usitege kila siku, mi natega mara moja kwa wiki, maana anayelala kwenye ndoo yako usiku huo hali na hazai, na kesho yake utamkamata yuleyule tena. Fungua kabla jua halijawa kali. Angalia kwanza nje ya mtego, kwenye ukuta na nyasi, wengine wazuri huwa hawaingii ndani. Nyigu nao wanaingia kwa hiyo usipeleke mkono kabla ya jicho. Na ukiwaachia usiwamwage hapohapo, ndege wanajifunza haraka sana, kuna mmoja alikuwa anafika bustanini kabla yangu, ikabidi nianze kuwaachia kwenye majani mazito upande wa pili, mmojammoja, nikiwa nimeinama.

Kwa nyota, mtego nne, lenzi na vikopo tano, kadi moja. Apu nimeifuta. Badala ya kadi natumia picha nilizopiga mwenyewe, kila picha ina nondo wawili wanaofanana wamelala kwenye karatasi moja na rula katikati, mabawa yamefungwa kama wanavyokaa wenyewe, na kwa kalamu nyekundu nimezungushia pale pa kuangalia. Nina kurasa kumi na moja mpaka sasa, ya kwanza ni wale Agrotis wawili na ule mshale.